Je, saruji huimarisha nyumba ya kale ya mawe?

Unguja na Lamu, wengi huamini kwamba lipu ya nyumba ya kale ikianza kubanduka, dawa ni kuipiga saruji. Inaeleweka, saruji ni ngumu. Ila kuta hizo ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, nazo hufyonza unyevu wa ardhini. Chokaa huuachia utoke, saruji huufungia ndani. Chumvi hukusanyika, mawe humung'unyuka, na ncha za boriti zilizozama ukutani huoza bila kuonekana, ambalo ndilo baya zaidi.

Kujua kama ukuta wako umepigwa saruji, ugonge kwa kidole: saruji iliyoachana na jiwe hulia kama debe tupu. Kisha nyunyizia maji pasipo na rangi. Chokaa huyanywa, kwenye saruji hutiririka. Ukiona unga mweupe ukutani, juu kidogo ya pale kiraka cha saruji kinapoishia, hiyo ni chumvi.