Gesti ya magari ya zamani Mikindani: yasemwayo na yalivyo

Tangu nitamke kwamba nyumba ya marehemu baba pale Mikindani, jirani na mji wa Mtwara, nitaigeuza gesti ya watu wanaosafiri na magari yao ya zamani, kila aketiye barazani ana lake. Mengine ni utani. Mengine niliyaamini mwenyewe, yakanitia hasara.

"Land Rover haishiki kutu."
Hili ndilo lililonichapa. Land Rover ilipotoka mwaka 1948, chuma kilikuwa haba Uingereza baada ya vita, ndiyo maana bodi ikaundwa kwa aloi ya alumini. Bodi kweli haishiki kutu. Chesisi, ile fremu ya chini inayobeba gari, ni ya chuma, hiyo inashika. Tena pale alumini inapogusana na chuma, chumvi ikipenya katikati, alumini nayo inaliwa, inatoa unga mweupe kama wa muhogo. Mimi nilinunua Land Rover ya aina ya 109 iliyong'aa. Fundi akaingia uvunguni, akajaribu chesisi kwa bisibisi nyuma ya tairi. Ikazama mpaka mpini. Akacheka, "Mwalimu, hapa umenunua rangi."

Basi gesti ya aina hii pwani inaanza na maji matamu ya kuoshea uvungu, mgeni afikapo na kabla hajaondoka. Kisima changu kina chumvichumvi, kwa hiyo tangi la maji ya mvua limejengwa kabla sijanunua hata godoro moja.

"Funika turubai, yatosha."
Turubai la plastiki hufungia unyevu. Lifunue alfajiri uone gari lilivyotoka jasho. Afadhali banda lenye sakafu ya saruji, paa, na upepo unaopita.

"Petroli ya siku hizi inaua injini za zamani."
Nusu kweli. Nchi za kusini mwa Sahara ziliacha petroli iliyotiwa madini ya risasi kufikia mwanzoni mwa 2006. Risasi ile ilikuwa ikilinda viti vya valvu za ekzosi, yaani pale valvu za kutolea moshi zinapokalia. Injini yenye viti laini, ikikimbizwa na mzigo mzito, huchakaa. Ikiendeshwa kwa upole huenda miaka. Siku hedi, kile kichwa cha injini, ikifunguliwa, fundi anaweka viti vigumu, yamekwisha.

"Mtwara hakufikiki."
Hayo ni ya enzi za kungoja kivuko Rufiji. Daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003. Ila sitamdanganya mgeni: Mei 2024 mafuriko yaliikata barabara ya Lindi, watu wakakwama. Nitawaalika kuanzia Juni, tena mapema, maana minada ya korosho ikianza Oktoba vyumba vinagombaniwa mjini.

"Magari ya zamani ni mambo ya Wazungu."
Bandari ya Mtwara na reli ya Nachingwea zilijengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa mkoloni, ulioanza 1947 na kuachwa 1951. Katika mradi huo vifaru vya Sherman viligeuzwa matrekta. Mpenda mitambo gani asingetaka kulala jirani na historia hiyo? Na Peugeot 404, iliyoshinda mbio za magari za Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha 1966 hadi 1968 mfululizo, ikipita hapa wazee wanaacha bao katikati.

"Nyumba ni yangu, leseni ya nini?"
Jina lisajiliwe BRELA, wakala wa usajili wa biashara, namba ya mlipakodi itoke TRA, mamlaka ya mapato, leseni ya biashara halmashauri. Nenda tu.

"Watataka kiyoyozi na runinga."
Wengi watataka chai saa kumi na moja alfajiri. Rejeta kuukuu ikikutwa na jua la saa saba njiani, inachemka, kwa hiyo wanaondoka mapema. Mama mdogo amekubali kuamka: mihogo ya kuchemsha, vitumbua, supu ya pweza ikipatikana. Kaweka sharti moja, kila gari liwekewe sinia la mchanga chini ya injini, maana mikweche yote inavuja, na yeye hataki kuona nyayo za oili jikoni kwake.