Hamira ya maandazi inahusianaje na dawa ya pumu?

Juzi nilikuwa Mwanga, Kigoma mjini, nikizungumza kuhusu pumu na kina mama wanaouza maandazi. Nilipogusia kwamba watafiti hutumia hamira kuchunguza vipokezi vya mwili wa binadamu, mmoja aliacha kukanda unga, mikono ikiwa bado kwenye beseni. Maswali yao ndiyo haya.

Hamira hii hii ya pakiti?

Ndiyo, mama, ni spishi ileile, Saccharomyces cerevisiae. Povu linalotokea ukiikoroga kwenye maji vuguvugu yenye sukari ni hewa inayotolewa na viumbe hai, kila kimoja seli moja tu. Za maabara ni mbegu zilizochaguliwa, lakini ukoo ni mmoja.

Kipokezi ni nini?

Ni protini iliyopenya utando wa seli. Upande wa nje hunasa ujumbe, kama adrenalini, na upande wa ndani huamsha protini nyingine iitwayo protini G. Adrenalini yenyewe haiingii. Inabisha hodi na kuishia mlangoni. Tuna vipokezi vya ukoo huu takriban 800, na karibu theluthi moja ya dawa zinazotumika hospitalini hufanya kazi kupitia kwao. Salbutamol, ile dawa ya kupuliza, hushika kipokezi cha beta-2 kwenye misuli ya njia za hewa. Misuli inalegea, mtoto anapata pumzi.

Sasa hamira ina mapafu?

Walicheka sana hapo. Mapafu haina, ila posa inazo. Seli za hamira ni za aina mbili, a na alfa. Alfa hutoa kemikali, na a huinasa kwa kipokezi kiitwacho Ste2, ndugu wa vipokezi vyetu. Ikishainasa huacha kugawanyika, ikarefuka kumfuata mchumba.

Watafiti wakaona njia ya ujumbe imeshachongwa, kilichobaki ni kubadilisha mlango. Mwaka 1990 kundi la Marekani, Robert Lefkowitz akiwemo, lilitangaza kwamba limeweka kipokezi cha beta-2 cha binadamu kwenye hamira, pamoja na kipande cha protini G ya mamalia, na hamira ikaitikia. Mwaka 2012 Lefkowitz na Brian Kobilka walipewa Nobeli ya Kemia kwa kazi yao juu ya vipokezi hivi.

Unajuaje kwamba imeitikia? Haisemi.

Inasema kwa kuota. Hamira hunyimwa uwezo wa kujitengenezea histidini, kirutubisho ambacho bila hicho haikui. Kisha jeni yake inarudishwa, lakini imefungwa kwenye swichi ya posa: kipokezi kisipoamka, ni njaa. Ile jeni inayosimamisha ukuaji wakati wa posa nayo huondolewa. Seli hugawiwa kwenye vishimo vidogo visivyo na histidini, kila kishimo na kemikali yake. Baada ya siku mbili tatu, kishimo kilichopata kemikali inayoamsha kipokezi kimechafuka kama maji ya mchele. Vingine viko angavu. Nauona ni ujanja mzuri kuliko mashine nyingi za bei mbaya.

Na tuyaamini majibu yake?

Kwa tahadhari. Utando wa hamira una ergosteroli pale ambapo wetu una kolesteroli, na baadhi ya vipokezi vya binadamu havikai sawa humo. Tena ina ukuta mgumu unaoweza kuzuia kemikali fulani. Ndiyo maana kazi hurudiwa kwenye seli za binadamu, na dawa haifiki kwa mgonjwa kabla ya majaribio mengine mengi.

Basi nimpe mwanangu maji ya hamira?

Hapana, mama. Hamira ya dukani haina kipokezi cha binadamu wala dawa ya pumu. Mpulizie ile aliyoandikiwa. Akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, midomo ikibadilika rangi, au dawa isipomsaidia, mwahishe hospitali. Na moshi wa kuni huamsha pumu.

Niliposema hilo, wote tuligeuka kutazama jiko. Mama yule akajifuta unga mikononi, akakiinua kigoda cha mwanawe na kukihamishia upande upepo unakotoka.