Je, wajua? Kwa nini Mrumi alimuuza mwanawe mara tatu ili awe huru

Ukilitaja neno la Kiingereza emancipate, yaani kumpa mtu uhuru, kwenye kijiwe cha Dar es Salaam, mazungumzo yataishia kwa watumwa: Rais Abraham Lincoln wa Marekani na tangazo lake la kuwaachia huru watumwa, Januari 1, 1863. Lakini Warumi, wenye neno lao, walilitumia kwa watoto wao wa kuwazaa.

Kwa Kilatini ni emancipare. Ndani yake mna manus, mkono, na capere, kushika. E ya mwanzo ni kutoka. Mrumi aliyenunua ng'ombe au mtumwa alimshika kwa mkono mbele ya mashahidi watano na mwenye mizani, akagonga mizani kwa kipande cha shaba. Basi, ni wake.

Mtoto naye alikuwa mkononi mwa baba. Hata awe na mvi na wajukuu, maadamu baba yu hai, alichochuma kwa kawaida kilikuwa cha baba. Kumwachia kulihitaji ujanja, na ujanja ulipatikana katika Mbao Kumi na Mbili, sheria za mwaka 451 na 450 kabla ya Kristo: baba akimuuza mwanawe mara tatu, mwana awe huru. Kifungu hicho kinasikika kama adhabu kwa baba mwenye tamaa. Wanasheria wakakigeuza mlango wa uani. Baba alimuuza kijana kwa rafiki mwaminifu, rafiki akamwachia, kijana akarudi chini ya baba. Wakauziana tena, akaachiwa tena. Mauzo ya tatu yakakata mamlaka ya baba. Binti alitosha kuuzwa mara moja, kwa kuwa kifungu kilimtaja mwana wa kiume tu (hapo angalau wasichana walipunguziwa usumbufu). Karne ya 6 baada ya Kristo, Mfalme Justinian wa Warumi aliliondoa igizo lote. Tamko mbele ya hakimu likatosha.

Kiingereza kililichukua neno hili karne ya 17. Baadaye likawafikia Wakatoliki wa Uingereza waliofunguliwa mlango wa bunge mwaka 1829, na pia watumwa.

Dar es Salaam, makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) kuanzia 1963, Kiswahili kilitumia kukomboa, kitenzi kile kile cha mtu anayelipa deni ili arudishiwe kitu alichoweka rehani. Pwani hii hilo halikuwa fumbo. Enzi za Wajerumani mtumwa aliweza kujikomboa kwa fedha, akapewa hati ya uhuru.