Sabato nyumbani: kazi kubwa iko Ijumaa

Makanisa yalipofungwa Uganda Machi 2020, na tena Juni 2021, Waadventista (Wasabato) wengi walihangaikia kwanza watampata wapi mhubiri kwenye simu. Naona walianzia mwisho. Sabato inaingia jua likizama Ijumaa, na nyumba isiyojiandaa itaimaliza siku ikikimbizana na mkaa, bando na chaja.

Tuanze na saa. Kwa kuwa tuko ikweta, wengi hushika saa 12:45 jioni na kuitumia mwaka mzima. Lakini Kampala jua huzama karibu saa 12:37 mwanzoni mwa Novemba, na hufika karibu saa 1:06 katikati ya Februari. Kwa anayeshika "jioni hata jioni" ya Walawi 23:32, nusu saa hiyo si ya kupuuzwa. Mbale huitangulia Kampala kwa dakika kama 6, Kasese huchelewa kwa kama 10. Familia iliyotawanyika ikiomba pamoja kwa simu, ifungue kwa jua la Mbale na kufunga kwa jua la Kasese; hapo hakuna anayepunjwa.

Jikoni, loweka maharagwe Alhamisi usiku, yachemshe Ijumaa mchana, kisha yachemshe tena hadi yatokote kabla ya kulala, bila kuyachovya kijiko baada ya hapo. Mchuzi wa karanga usiupike mapema, huchacha haraka. Posho (ugali) na matoke vikilala hukauka na kuwa vigumu, kwa hiyo chapati au viazi vitamu vinafaa zaidi. Maji, nguo na viatu vya watoto viwe tayari kufikia saa 11 jioni.

Sasa simu. Uchaguzi wa 2021 ulitufundisha: Jumamosi ya Januari 16 intaneti ilikuwa imezimwa nchi nzima, na aliyetegemea mahubiri ya moja kwa moja alibaki mikono mitupu. Facebook nayo ikabaki imefungwa kwa asiye na VPN. Hubiri la dakika 15 lililorekodiwa kwa sauti ni MB chache tu; video ya saa nzima hula mamia. Basi mzee wa kanisa atume sauti Ijumaa mchana, kila nyumba iipakue kabla ya jua kuzama, kisha simu iwekwe hali ya ndege. Kundi la WhatsApp lifungwe, waandike wasimamizi pekee. Lisipofungwa, kufikia saa 4 asubuhi utakuta bei ya mahindi katikati ya maombi.

Asubuhi saa 3 inatosha: wimbo, maombi, Shule ya Sabato, yaani lesoni ya Biblia ya juma, dakika 40, halafu hubiri. Kinachoharibu ibada ya nyumbani mara nyingi ni baba kugeuza lesoni kuwa mhadhara. Lesoni isomwe kila siku ndani ya juma, ili Jumamosi ibaki kwa maswali, na mtoto apewe fungu la kukariri au kisa cha kusimulia. Abayudaya, Wayahudi wa Uganda walioko Nabugoye karibu na Mbale, wana ugumu tusio nao: wasipofika watu wazima 10, baadhi ya sala, kama Kadishi, huachwa. Kwetu wawili au watatu wanatosha.

Zaka na sadaka zitengwe Ijumaa, kila moja kwenye bahasha yake. Kutuma kwa simu ni rahisi, ila mhazini akitoa fedha hizo hukatwa ada ya wakala pamoja na kodi ya asilimia 0.5. Kiasi kidogo kidogo ni bora kikusanywe kwanza, kisha kitumwe mara moja, Jumapili.

Meza ya Bwana, pamoja na kutawadhana miguu, husubiri milango ya kanisa ifunguliwe. Nisingeshauri mtu ajitengenezee nyumbani kwa juisi ya dukani.