Je, wajua? Gitaa moja laweza kusikika kama mawili

Kwa miaka mingi niliamini kwamba katika "Masanga", wimbo wa mpiga gitaa wa Kongo Jean Bosco Mwenda uliorekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, huko Katanga, kusini mwa Kongo, mwaka 1952, kuna wapigaji wawili, mmoja wa besi na mwingine wa solo. Nilimbishia hata rafiki yangu. Kumbe ni mtu mmoja na gitaa lake kavu, lisilo la umeme. Nilipokubali, nikakosea tena: nikadhani basi mkono wake wa kulia ulitumia vidole vyote. Nikaanza kujifunza kwa kuvilazimisha vyangu vyote vitano, vikawa vinapigana vikumbo juu ya nyuzi. Mwenda alipiga kwa viwili tu, gumba na cha shahada.

Sasa sauti mbili zinatoka wapi? Watazame wanawake wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja. Michi haigongani. Wa kwanza hamfuatishi mwenzake; anashusha mchi kwa mwendo uleule, na wa pili anaingia pale ule wa kwanza unapopanda. Gumba ndilo mtwangaji wa kwanza. Zamu yake ni nyuzi tatu nene, na halibadili mwendo kwa lolote. Kidole cha shahada hukaa kwenye tatu nyembamba na kuingia katika nafasi zinazobaki. Sikio nalo hukusanya sauti nzito pamoja na nyembamba pamoja, likasikia watu wawili.

Viwili si sheria ya kila gitaa: wapigaji wa klasiki hutumia gumba na vidole vitatu, na nyimbo zao zinavihitaji.

Ukitaka kujaribu, shika kordi ya C. Nyuzi huhesabiwa kuanzia ule mwembamba kuliko zote. Hesabu "moja-na-mbili-na", gumba lipige kwenye namba: uzi wa tano, wa nne, wa tano, wa nne. Usiongeze kitu mpaka uweze kumjibu mtu salamu bila gumba kusita. Hapo ndipo cha shahada kiguse uzi wa pili kwenye "na". Mwanzoni gumba litasimama kila kinapoingia. Punguza mwendo, usiache. Likishatulia, ruka "na" moja, kisha vidole viwili vipige pamoja kwenye namba inayofuata. Jirekodi kwa simu dakika moja tu, weka gitaa chini, usikilize. Yule mpigaji wa pili utamsikia.