Jentlemani wa Uingereza ya karne ya 18: tunayodhani na yaliyokuwa

Siku hizi ukimpisha mtu kiti kwenye daladala unaambiwa wewe ni jentlemani. Neno limetufikia likiwa limeshaoshwa na kupigwa pasi. Ukilirudisha London ya miaka ya 1700, utalikuta na mambo mengine kabisa mfukoni.

Dhana: Jentlemani alikuwa mtu mwenye adabu tu

Swali la kwanza halikuwa adabu. Lilikuwa: unakula wapi? Mwanasheria William Blackstone, akiandika miaka ya 1760, alirudia maelezo ya zamani kwamba mtu anayeweza kuishi bila kazi ya mikono, na akamudu gharama na mwonekano wa jentlemani, huyo atahesabiwa jentlemani. Pato lililoheshimiwa kuliko yote lilikuwa kodi ya pango ya ardhi wanayolima wengine.

Ardhi ilifungua hata pori. Kwa sheria ya uwindaji ya 1671, iliyodumu mpaka 1831, kwa kawaida ulihitaji ardhi yako yenye pato la pauni 100 kwa mwaka ndipo uruhusiwe kuwinda sungura na kware. Mkulima mdogo aliyemkuta sungura anatafuna kabichi zake alipaswa kumtazama tu.

Dhana: Ilikuwa lazima uzaliwe ukoo wa malodi

Hapana. Wengi hawakuwa na cheo chochote cha kurithi kama lodi. Mfanyabiashara aliyeneemeka alinunua shamba, akajenga jumba, na mjukuu wake hakuulizwa tena babu aliuza nini. Upande wa pili, kwenye familia zenye ardhi, mtoto wa kwanza wa kiume ndiye aliyebeba shamba. Wadogo zake wakatafuta riziki kanisani, jeshini, mahakamani, wengine hata kwenye biashara ile ile waliyoicheka.

Dhana: Alikuwa mpole, na alilipa madeni yake

Januari 1765, majirani wawili wa Nottinghamshire walikuwa wakila na wenzao kwenye baa moja ya Pall Mall, London. Ukazuka ubishi: nani ana wanyama wengi wa kuwinda shambani kwake? Mmoja alikuwa Lord Byron (si yule mshairi, huyu ni ndugu wa babu yake), mwingine William Chaworth. Waliingia chumba chenye mwanga wa mshumaa mmoja, wakafunga mlango, wakachomoa panga. Chaworth alichomwa tumboni, akafa kesho yake. Byron alishtakiwa mbele ya malodi wenzake, wakamtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, akalipa ada, akaenda zake nyumbani. Haya yote kwa sababu ya ndege na sungura.

Sheria ilikataza mapigano ya namna hiyo, lakini aliyekataa kupigana alipoteza uso mbele ya wenzake. Madeni nayo yalikwenda kwa hesabu hiyo hiyo. Kwa sheria ya 1710, deni la kamari halikuweza kudaiwa mahakamani; likabaki juu ya heshima ya mtu, kwa hiyo ndilo lililolipwa kwanza. Fundi cherehani aliyeshona lile koti la kuendea kamari aliendelea kubisha hodi.

Dhana: Kofia ndefu nyeusi na fimbo

Hiyo ni karne iliyofuata. Huyu wetu alivaa kofia ya pembe tatu, suruali ya kuishia magotini, soksi za hariri, na wigi lililonyunyiziwa unga mweupe. Mwaka 1795 serikali ilianza kutoza kodi ya unga huo, gini moja (pauni moja na shilingi moja) kwa mwaka.

Dhana: Waingereza walikubaliana jentlemani ni nani

Walibishana karne nzima. Mwanasiasa Lord Chesterfield alimwandikia mwanawe barua kwa miaka, akimfunza hata kucheka: atabasamu, lakini sauti ya kicheko chake isisikike kamwe. Barua zilipochapishwa 1774, mwandishi Samuel Johnson alisema zinafundisha maadili ya kahaba na adabu za mwalimu wa dansi. Mimi namuunga mkono Johnson.

Aliyekaribia zaidi methali yetu, *muungwana ni kitendo*, ni mwandishi Richard Steele. Katika jarida lake la Tatler, mwaka 1710, aliandika kwamba jina la jentlemani halipaswi kutegemea hali ya mtu, bali mwenendo wake ndani ya hali hiyo. Maneno mazuri. Ila Steele mwenyewe, miaka michache kabla, alirithi kwa mkewe wa kwanza shamba la Barbados, kisiwa cha Karibi, lililolimwa na watumwa. Na hata kwetu pwani, muungwana kwanza alikuwa mtu huru, asiye mtumwa, kabla neno halijahamia kwenye tabia. Jumba la Harewood kule Yorkshire, lililoanza kujengwa 1759, lilitokana na utajiri wa sukari na watumwa, na mwenyewe, Edwin Lascelles, alikuwa jentlemani asiye na shaka.

Mwaka 1768, mjini Bath, Thomas Gainsborough alimchora Ignatius Sancho, Mwafrika aliyekulia utumwani na wakati huo mtumishi katika nyumba ya Duke wa Montagu. Hakumchora na sare ya kazi. Alimvika kizibao chekundu chenye utepe wa dhahabu, mkono umepenyezwa ndani ya kizibao kifuani: mkao ambao wachoraji wa enzi hiyo waliwapa majentlemani. Mwaka 1774 Sancho alifungua duka Westminster. Aliuza chai, tumbaku, na sukari ya visiwa vya Karibi.