Je, wajua kwa nini tanga jeupe "huungua" kwenye video?

Bagamoyo jua huchomoza baharini, upande wa Unguja. Simama ufukweni karibu na soko la samaki saa 1 asubuhi, elekeza kamera kwenye jahazi linaloingia: tanga jeupe, maji yanameta, nahodha amelipa jua kisogo, mwanga ukitoka nyuma yake. Kwenye kioo cha kamera unaona mambo safi. Ukifika nyumbani, tanga ni karatasi tupu na uso wa nahodha ni masizi.

Ni macho yaliyokudanganya. Kwenye jua kali mboni hujibana, na kioo nacho kina mng'ao wake. Shahidi asiyepepesa ni kile kichuguu kidogo pembeni mwa kioo, yaani histogramu.

Kazi yake ni kuhesabu tu. Picha moja ya video ya HD kamili ina pikseli 1920 kwa 1080, jumla 2,073,600. Katika video ya biti 8, yaani yenye ngazi 256 za mwanga, kila pikseli ina namba ya mwanga, 0 ikiwa nyeusi kabisa na 255 ikiwa nyeupe kabisa. Histogramu huzipanga kama mafungu ya samaki mnadani, za giza kushoto, za mwanga kulia; fungu refu ndilo lenye pikseli nyingi. Mafungu yakirundikana ukutani kulia, picha imeungua. Mikunjo ya tanga haimo tena kwenye faili, na ukipunguza mwanga baadaye utapata kijivu kitupu.

Lakini usitafute umbo moja "sahihi". Ngoma ya usiku pale TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, lazima ilale kushoto, na mmeto wa jua majini una haki ya kuungua.

Kuna mtego mwingine. Histogramu ya mwanga hutegemea zaidi kijani: katika kanuni ya HD kijani hubeba takriban asilimia 72, nyekundu 21, bluu 7. Kwa hiyo kanga nyekundu inaweza kuungua huku kichuguu kikionekana salama. Fungua histogramu ya rangi tatu, kila moja peke yake.

Kwenye programu ya kuhariri kuna vitelezi vitatu: cha weusi, cha weupe, na gama, yaani cha mwanga wa katikati. Tuseme asubuhi ya ukungu kichuguu kimeanzia 60 kikaishia 190. Vuta weusi hadi 60 na weupe hadi 190, ukungu utapasuka. Ila umetandaza ngazi 131 kwenye nafasi 256, hivyo histogramu huota mapengo kama chanuo, na anga hutoka michirizi. Video ya biti 10, yenye ngazi 1024, huvumilia zaidi.

Kichuguu kikianzia 16 na kuishia 235 kamili, usiguse vitelezi kwanza. Hiyo ni desturi ya televisheni, ambayo weusi wake ni 16 na weupe 235. Programu ikiisoma vibaya, picha hupauka. Dawa ni kurekebisha mpangilio wa kusoma faili, na mafundi wengi hupoteza jioni nzima kabla ya kuligundua hilo.

Kwa lile jahazi, punguza mwanga wa kamera hadi kichuguu kiachane na ukuta wa kulia, kisha mnyanyue nahodha kwa gama. Au rudi saa 10 alasiri, jua likiwa mgongoni kwako.